Judo ya Kano na Somo la Kuanguka

Mzazi anayempeleka mtoto kwenye klabu ya judo au karate mara nyingi ana neno moja mdomoni: ashike adabu. Anachokiona akilini ni mistari iliyonyooka, vichwa vinavyoinama mbele ya mwalimu, watoto wakiitikia kwa sauti moja. Hayo yapo, lakini hata gwaride la skauti linayo, tena kwa gharama ndogo. Kitu ambacho shule inaweza kujifunza kwenye mkeka ni kingine, na aliyekiona mapema alikuwa mwalimu wa shule.

Jigoro Kano alikuwa na miaka 21 alipoanzisha Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882 kwenye hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Alianza na mikeka 12 na wanafunzi 9. Umbo lake lilikuwa dogo, na kazi yake ilikuwa ualimu. Baadaye aliongoza kwa miaka mingi chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo. Ndiyo maana jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ambayo judo ilitokana nayo, aliipanga upya kama mtu anayeandaa mtaala. Mapigo na mbinu nyingi za kuvunja viungo aliziondoa kwenye mazoezi huru, ili vijana wapambane kwa nguvu zao zote na kesho yake waingie darasani wakiwa wazima. Kisha akaongeza mihadhara na vipindi vya maswali na majibu, maana hakutaka mwanafunzi anayejua kuangusha tu bila kujua kwa nini ameangusha.

Alipenda kueleza kwa hesabu. Tuseme mpinzani ana nguvu 10, mimi nina 7. Akinisukuma nikamkazia, nitashindwa. Nikirudi nyuma kwa kadiri ileile anayosukuma, anayumba, na mtu anayeyumba huenda amebaki na 3. Mimi bado nina 7 zangu, na sihitaji hata kuzitumia zote.

Mkuu wa shule anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kukanyaga mkeka. Mzazi ameingia ofisini amekuja juu, mwanawe kasimamishwa masomo. Mkuu akipandisha sauti, wamebaki kupimana ubavu. Akimwambia, "Karibu, mzazi, kaa kwanza unieleze," akamwacha amalize yote, hasira inakosa mahali pa kuegemea. Ila asisahau nusu ya pili: katika judo anayerudi nyuma huwa bado amemshika mwenzake. Anayerudi nyuma akamwachia, huyo amekimbia tu. Mkuu anayesikiliza kisha akafuta adhabu kwa woga hajatumia mbinu yoyote.

Mtazame sasa anayeangusha. Mkono wake mmoja uko kwenye ukosi wa mwenzake, mwingine umeshika vazi karibu na kiwiko. Mwenzake akishapaa, mkono wa ukosi unaweza kuachia; ule wa kiwiko hauachii. Unamvuta juu kidogo, sekunde ileile anayotua, ili atue kwa ubavu, akunje kidevu kifuani na kuupiga mkeka kwa mkono wake ulio huru. Mkono ule ukiachia mapema, kisogo ndicho kinachotangulia. Kwa hiyo aliyeshinda ndiye mwenye dhamana ya shingo ya aliyeshindwa, na sijui mafunzo ya uongozi yanayolisema hilo waziwazi kiasi hicho.

Japani yenyewe ililipa gharama kwa kulisahau. Tangu 1983 hadi mwanzoni mwa muongo wa 2010, zaidi ya watoto 100 walifariki kutokana na judo shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa. Kisogo kikigonga mkeka, au kichwa kikitikiswa kwa nguvu, mishipa ya damu juu ya ubongo huweza kupasuka. Waliokuwa hatarini zaidi ni wageni wa mchezo, waliobwagwa kabla ya kujua kuanguka. Kwa hiyo serikali ilipofanya sanaa za mapigano kuwa somo la lazima katika shule za kati mwaka 2012, wazazi wengi waliingiwa na hofu, na walikuwa na haki. Miaka 10 baadaye shirikisho la judo la nchi hiyo lilifuta mashindano ya kitaifa ya mchezaji mmojammoja kwa watoto wa shule za msingi, likilalamikia watu wazima walioweka ushindi mbele ya mtoto. Ufaransa, yenye wanachama wa judo zaidi ya nusu milioni, iliweka sheria tangu 1955: hakuna kufundisha judo bila cheti cha taifa.

Shule inayotaka kuanzisha klabu ianze basi kwa kumkagua mwalimu, mikeka ije baadaye. Wiki za mwanzo ziwe za kuanguka tu, hata watoto wakinung'unika kwamba wanachoshwa. Na viranja wasipewe kazi ya kusimamia mistari: kwenye klabu nzuri mwenye mkanda mweusi hutumia sehemu kubwa ya jioni akiangushwa na wanaoanza, kwa sababu anayejua kuanguka ndiye anayeweza kukopesha mwili wake kwa asiyejua bado kuangusha.