Anuani Zilizomo Ndani ya Programu

Wengi hudhani kwamba programu ikiisha kupita katika kompaila huwa imebeba maandishi yote ya mtungaji wake, ilhali aghalabu ilichobeba ni anuani tu: jina la faili, nambari ya mstari, na saraka ambamo kompaila ilikuwa ikifanya kazi. Katika mashine za Linux taarifa hizo huandikwa kwa kanuni iitwayo DWARF, nazo ndizo zisomwazo na GDB, chombo cha kusaka hitilafu alichokianzisha Richard Stallman mwaka 1986, kila kinapotakiwa kumwonyesha fundi mstari uliokwama.

Lakini anuani huweza kupitwa na wakati. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, mteja mwenye kadi ya zamani ya muuzaji wake alifika palepale palipoandikwa na asimkute mtu. Hayo hasa ndiyo huipata programu ya stoo iliyoundwa ghorofani Mtaa wa Aggrey, kisha ikapelekwa duka la Mtaa wa Kongo: saraka inayotajwa imo katika kompyuta ya fundi, wala katika ya tajiri haimo.

GDB ikiikosa faili hutazama, kwa desturi yake, saraka mbili tu, ile ya uundaji na ile aliyomo fundi wakati huo, na haiteremki katika saraka za ndani. Basi mafundi huziongeza moja moja kwa amri ya directory, jambo nisiloliafiki katika kazi kubwa. Kwani chombo kikishindwa kabisa hutafuta kwa jina tupu la faili, na zikiwapo risiti.c mbili, ya mauzo na ya manunuzi, huenda kikafungua isiyohusika bila haya yoyote.

Naona afadhali msimbo wote ukae chini ya saraka moja ya shina, kila sehemu na tawi lake, ndipo amri moja ya set substitute-path, yenye shina la kale na shina jipya, itosheleze kuuhamisha mti mzima. Aliye na GCC toleo la 8 au la baadaye aweza hata kuliondoa shina hilo mapema, wakati wa kuunda, kwa chaguo la -ffile-prefix-map.

Kadhalika nakala iliyozaa programu ihifadhiwe bila kuguswa, kwa kuwa mstari mmoja ukiongezwa juu, nambari za chini yake zote hupotoka. GDB huonya faili ikiwa mpya kuliko programu, lakini onyo lenyewe ni la mstari mmoja, na hupita upesi kiooni.