Ukipata joto unawashwa? Sio damu chafu

Kama umesoma shule Tanzania, mchakamchaka huhitaji kuelezewa. Alfajiri, kibaridi kidogo, mmoja anaimbisha na wengine mnaitikia huku mnakimbia. Kwangu mimi raha hiyo iliisha nikiwa kidato cha pili, Korogwe. Tukishakimbia kama dakika kumi, kabla hata jasho halijatoka vizuri, mgongo unaanza kunichomachoma kama nimekanyaga siafu na wamenipanda mpaka shingoni. Halafu kifua, halafu mikono. Ukijikuna ndiyo unazidi, kama mtu aliyemwagiwa upupu.

Siku ya kwanza nilijitoa kwenye mstari, nikasimama nikijikuna. Mwalimu wa zamu akaja, akaniangalia mikono, hakuona kitu. Nikala fimbo mbili za uvivu. Nusu saa baadaye mwili ulikuwa shwari kabisa, na mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza kama sijadanganya.

Likizo ilipofika, bibi alikuwa na jibu lake: damu chafu. Akachemsha majani ya mwarobaini, akanimwagia maji yale yangali ya moto, kwa nia njema kabisa. Mkimaliza kusoma makala hii mtajua kwa nini ile ilikuwa jioni mbaya kuliko mchakamchaka wote niliowahi kukimbia.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu hivi karibuni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Handeni. "Shikamoo dada. Nikitoka kuchota maji mwili wote unawaka. Mpirani ndiyo usiseme. Mama anasema nimechezewa." Alikuwa ameshaacha mpira. Ana miaka kumi na sita, na kijiji kizima kinamjua kwa mpira.

Mimi si daktari. Nimesomea fiziolojia, yaani namna mwili unavyofanya kazi, na ninaishi na hali hii tangu kidato cha pili. Kwa hiyo leo nawaeleza ninyi nilichomweleza yeye.

Ni kitu gani hiki

Kitaalamu inaitwa urtikaria ya kolinejiki. Urtikaria ni vile vivimbe vinavyoinuka ghafla kwenye ngozi, vinawasha, kisha vinapotea bila kuacha alama. Ziko aina nyingi. Hii yetu ina tabia zake: vivimbe ni vidogo sana, milimita moja hadi tatu, kama vichwa vya pini, na vinatokea joto la ndani ya mwili linapopanda. Chanzo kinaweza kuwa mbio, mzigo, maji ya moto ya kuoga, pilipili, au hata hasira na woga. Wengine wanawashwa wakisimamishwa mbele ya darasa. Kwa wengi huanza kati ya miaka 10 na 30, na kila shambulio huisha ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi.

Si jambo jipya wala si la huku kwetu tu. Daktari wa Marekani, William Duke, aliandika mwaka 1924 kuhusu wagonjwa ambao ngozi zao zilikuwa zikiumuka kwa sababu ya joto na bidii ya mwili. Mwaka 1936, R. T. Grant na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba mbio, joto na mihemko vyote vinapita njia moja ya mishipa ya fahamu. Na utafiti uliofanyika Ujerumani kwa vijana, ukachapishwa mwaka 1994, ulikuta karibu mmoja kati ya kila tisa ana dalili zake, wengi wao kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo kama darasani mko arobaini na tano, uwezekano ni mkubwa kwamba hauko peke yako.

Ndani ya mwili kunatokea nini

Ubongo una sehemu inayoitwa haipothalamasi. Kazi yake mojawapo ni kushika joto la mwili karibu na nyuzi 37. Ukikimbia, misuli inatoa joto, na haipothalamasi inatuma amri kwa mishipa ya fahamu: fungulia jasho. Mishipa hiyo ikifika kwenye tezi za jasho inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Hapo ndipo jina la ugonjwa linapotoka. Tezi zikiipokea, jasho linatoka, linakauka juu ya ngozi na kuondoka na joto. Mpaka hapo mwili uko sahihi kabisa.

Tatizo ni majirani. Kwenye ngozi, karibu na tezi hizo, kuna seli za ulinzi zinazoitwa seli za masti, zimejaa vifuko vya histamini. Kwa mtu mwenye hali hii, amri ya kutoa jasho inaziamsha na zenyewe. Zinamwaga histamini, mishipa midogo ya damu inapanuka na kuvuja majimaji, kivimbe kinainuka, na nyuzi za fahamu zinapeleka ubongoni habari ya mwasho. Kwa hiyo damu yako haina uchafu wowote. Mwili unajipoza, ila kengele ya ulinzi inalia njiani.

Kwa nini kwa wengine tu? Hakuna jibu moja, na watafiti wanaona wagonjwa wako makundi tofauti.

La kwanza ni wenye aleji ya jasho lao wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Hiroshima, Japani, walitambua protini iliyomo kwenye jasho ambayo kumbe inatengenezwa na fangasi mdogo, Malassezia globosa, anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Kinga ya baadhi ya watu inaiona protini hiyo kama adui.

La pili ni wale ambao vijitundu vya jasho vimeziba. Jasho likikosa njia linavujia ndani ya ngozi, na linaudhi seli za masti.

La tatu ni wanaotoa jasho kidogo kuliko kawaida. Tezi zao zina vipokezi vichache vya asetilikolini. Fikiria bomba linamwaga maji kwenye kikombe badala ya ndoo: kikombe kinajaa, yanayobaki yanamwagika kwa jirani. Hapa jirani ni seli ya masti.

Makundi haya mawili ya mwisho yanaeleza jambo linaloshangaza wengi. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu msimu wa joto na kuzidiwa msimu wa baridi, kwa sababu tezi zisipofanya kazi muda mrefu zinazubaa. Mimi Januari ya Korogwe, ile inayoyeyusha lami, huwa sina shida sana. Nikikaa Lushoto wiki mbili mwezi wa Julai halafu nikashuka Mombo na kukimbilia basi, nakiona cha moto.

Usichanganye na hivi

Huku kwetu kuna vinavyowasha vingi, na kila kimoja kina dawa yake.

- *Vipele vya joto (harara).* Vinakaa siku kadhaa, hasa kwenye mikunjo na nguo zinapobana. Vyetu vinaisha ndani ya saa moja hivi.
- *Mkonge.* Wanaofanya kazi mashambani Korogwe wanajua: maji ya jani la mkonge yana vijisindano vidogo sana vya kalsiamu oksaleti. Mwasho unabaki pale yalipogusa tu.
- *Upele.* Unasababishwa na vijidudu vinavyochimba kwenye ngozi. Unawasha zaidi usiku, kati ya vidole na kiunoni, na wa nyumba moja huambukizana.
- *Usubi.* Milima ya Usambara, pamoja na vijiji vya Korogwe vilivyo karibu na mito ya kasi, ni eneo linalojulikana kwa minyoo hii inayosambazwa na inzi weusi. Mwasho wake hauondoki kwa kupumzika kivulini. Ndiyo maana watu hugawiwa ivermektini.

Kipimo rahisi ni saa. Kama mwasho unakuja na joto na kuondoka na joto, huku ngozi ikirudi kama ilivyokuwa, basi shuku hali hii yetu. Kama unakaa siku nzima, tafuta sababu nyingine.

Tatizo la kutoonekana

Vitabu vingi vinasema vivimbe hivi vimezungukwa na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mwalimu wangu hakuwa mkatili kuliko wengine. Aliangalia kwa haraka, alfajiri, akakosa ushahidi. Vivimbe vipo, lakini unavihisi kwa kiganja kabla hujaviona kwa macho, na vinaonekana vizuri mwanga ukitokea pembeni.

Halafu kuna safari ya zahanati. Ukitembea saa nzima kwenda kumwona mganga, ukakaa kivulini kusubiri foleni, unaingia ndani ngozi ikiwa safi kabisa. Mimi niliwahi kurudishwa nyumbani na paracetamol.

Suluhisho liko mfukoni. Shambulio likianza, piga picha kwa simu, mwanga ukitokea upande, na andika saa, ulikuwa unafanya nini, na liliisha baada ya dakika ngapi. Fanya hivyo mara tatu nne. Ukimwonyesha mtaalamu hizo picha na hayo maandishi, umemrahisishia kazi. Kama hapo ulipo inashindikana, omba rufaa. Tanga mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, na ukifuata barabara ya Moshi kuna KCMC, ambako kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Wataalamu wanaweza kukukimbiza kwenye mashine huku wanakuangalia. Kipimo hicho usijifanyie mwenyewe ukiwa peke yako.

Kuishi nayo

*Dawa.* Tiba ya kwanza ni antihistamini za kizazi cha pili, kama setirizini au loratadini. Haziondoi histamini, zinaziba mlango ambao histamini ingeingilia. Ndiyo maana zinafaa zaidi ukizinywa kila siku kama ulivyoelekezwa kuliko kusubiri uwashwe. Kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima. Kikishindwa, daktari anaweza kuongeza dozi hadi mara nne, lakini aamue yeye, si wewe wala muuza duka. Piriton inasaidia mwasho lakini inaleta usingizi. Kwa mwanafunzi au dereva wa bodaboda hilo si jambo dogo. Kama una mimba au ugonjwa wa figo, uliza kwanza.

*Krimu.* Zile za steroidi zinazouzwa kama karanga hazizuii hali hii, na ukizipaka miezi mingi zinakonda ngozi. Okoa hela yako.

*Jasho.* Kishawishi ni kuacha kila kitu kinachotoa jasho. Kwa wengi, hasa wale wa tezi zilizozubaa, kuacha kabisa kunaongeza tatizo. Anza taratibu: kutembea haraka dakika kumi, kesho kumi na mbili, ukisimama mwasho ukianza. Pia shambulio likipita, seli za masti zinakuwa zimemwaga akiba yake, na wengi hupata saa kadhaa za ahueni, wengine hadi siku nzima. Zungumza na daktari kabla ya kuanza mazoezi ya aina hiyo.

*Kupoza.* Handeni maji ni habari nyingine. Hata kukiwa na mradi wa HTM unaochukua maji ya mto Pangani upande wa Korogwe, si kila nyumba inaweza kumwaga ndoo nzima kwa sababu ya mwasho. Huhitaji ndoo. Kitambaa au kanga iliyoloweshwa, shingoni na mikononi, halafu kaa panapopita upepo. Maji yakikauka yanafanya kazi ileile ya jasho. Vaa pamba, nguo isiyobana. Kalime au kachote maji kabla jua halijawa kali. Chai ipoe kidogo. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu au baridi. (Bibi, pumzika kwa amani, nilikusamehe zamani.)

Usisubiri hapa

Mara chache shambulio linapita ngozi. Ukiona midomo, ulimi au macho yanavimba, kifua kinabana, unakoroma kwenye kupumua, unatapika, au kichwa kinazunguka kama utaanguka: acha unachofanya, omba msaada, uwahishwe kituo cha afya. Hiyo ni dharura, na dawa yake ni sindano ya adrenalini ya pajani. Kidonge cha aleji peke yake hakitoshi. Aliyewahi kufika huko asikimbie wala kuogelea peke yake.

Kuhusu mdogo wangu

Nilimwomba picha tatu. Zilikuja na maandishi: "saa 10 jioni, ndoo mbili, dakika 25". Alizipeleka kituo cha afya, akaandikiwa setirizini. Bado anawashwa, lakini kidogo, na amerudi uwanjani. Anaanza na dakika ishirini, halafu anatoka. Mama mdogo hajaacha kabisa kusema amechezewa, ila kidonge anamkumbusha yeye.

Kama wewe ni mwalimu na unasoma hapa: mtoto akisimama katikati ya mchakamchaka anajikuna, pitisha kiganja juu ya mkono wake kabla hujashika fimbo. Kwa wengi hali hii hupungua yenyewe miaka ikienda. Kama wewe ndiye unayewashwa, anza leo na ile picha ya kwanza.