Nyimbo za flashi, fedha za mbao

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ina futi za mraba 32. Boksi la spika lenye kimo cha futi moja na nusu, upana futi moja na kina futi moja, linakula futi za mraba 8. Kwa hesabu ya daftari, karatasi hiyo inatoa maboksi manne. Msumeno nao hula sehemu yake, kwa hiyo fundi anayejua kupanga vipande hutoa matatu na mabaki ya maana, na asiyejua hutoa mawili na kuni. Faida hupatikana au hupotea hapo, spika yenyewe ikiwa bado haijaguswa.

Ukipita Mwanza kuanzia Igoma hadi Buhongwa huwezi kuikosa kazi hii. Seremala na fundi redio hugawana kibanda, mmoja akipiga randa na mwenzake akilehemu nyaya. Wanachouza ni sabufa ya kuunda: boksi la mbao, spika ya inchi 8 au 10 iliyong'olewa kwenye sabufa iliyokufa, amplifaya, na kadi ndogo ya MP3 kutoka China yenye tundu la flashi, tundu la memori kadi na blututhi. Muziki ambao mteja alikuwa nao kwenye simu tu, sasa unabebwa mabegani na watu wawili na kuwekwa mezani.

Wanaodhani mteja hufuata urahisi wa bei pekee wanaikosa siri ya soko hili. Sabufa nyingi za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani. Ya fundi inaundwa kwa volti 12, yaani inakwenda moja kwa moja kwenye betri ya gari au ya sola. Kwa mvuvi aliyeweka kambi kwenye mwalo wa Ukara au mwenye baa kisiwani kusikofika nguzo za umeme, tofauti hiyo ndiyo bidhaa. Na ikiharibika, aliyeiunda anajulikana anakokaa.

Ubora wa boksi uko kwenye hewa. Maungo yakivuja, besi hulegea na koni hupiga kelele kavu. Fundi mzuri huchanganya unga wa mbao na gundi, akakandika kila kona kwa ndani, kisha hupiga wimbo wenye besi nzito huku akipitisha kiganja kwenye maungo. Akihisi pumzi, anafungua na kuanza upya. Baada ya hapo ndipo vinakuja kapeti, kona za chuma, taa za rangi na jina la mwenye mali. Rangi za Simba na Yanga, bila shaka, zina wateja wake.

Boksi bila nyimbo ni kabati. Kwa hiyo jirani wa fundi huyu ni kibanda cha kuweka nyimbo. Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kawaida ni kama megabaiti 4, hivyo flashi ya GB 16 hubeba nyimbo zipatazo 4,000. Kaseti ya dakika 60 ilibeba kama dazeni. Mteja hutaja anachotaka: Bongo Fleva, injili, rumba ya Kongo, na kwa Usukumani huku, nyimbo za Kisukuma za kina Bhudagala Mwana Malonja.

Sasa tufuate fedha. Muuza plaiwudi analipwa, seremala, fundi redio, muuza kadi na mwenye kibanda pia. Mwimbaji hayumo kwenye mnyororo huo. Mwaka 2013 serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, na wazo halikuwa baya, ila stempu inahitaji ganda. CD ilikuwa nalo. Wimbo unaohama kutoka kompyuta ya kibanda kwenda kwenye flashi hauna mahali pa kubandika chochote.

Wengine wameshaona kwamba umbo la kushikika ndilo linalolipisha. Ng'ambo ya ziwa, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, muziki uliozaliwa ndani ya kompyuta, ikautoa mwaka 2017 kwa jina la Sounds of Sisso, na santuri zake zikapata wanunuzi Ulaya. Kituko zaidi ni Wu-Tang Clan wa Marekani: albamu yao moja ilitolewa nakala moja tu, ikawekwa kwenye boksi lililonakshiwa kwa mkono Morocco na msanii Yahya, ikauzwa mwaka 2015 kwa dola milioni 2 kama taarifa zilivyosema. Hayo ni ya matajiri, lakini hesabu yake inaeleweka hata Igoma.

Mwanza ina umbo lake tayari. Kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, zimehifadhiwa ngoma za watemi, na barabara inayopita Kisesa ndiyo inayowapeleka watalii geti la Ndabaka la Serengeti. Boksi la spika la umbo la ngoma, lenye nyimbo ambazo mwimbaji mwenyewe ameziweka na kuzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na namba ya usajili ikiwa imechomwa kwa chuma cha moto kwenye mbao, lingeuzwa likiwa kazi ya watu wawili, mwimbaji na seremala. Watalii wangelipenda, ila nisingewategemea. Msimu wao ni mfupi, na mwenye baa hununua mwaka mzima.

Kiufundi, tatizo kubwa silioni. Kuchonga mviringo kunachukua muda mrefu kuliko kupasua plaiwudi, basi. Kikwazo ni mtaji wa kuanzia. Kwa desturi ya karakana, mteja hutanguliza fedha ya vifaa, na kazi huanza siku hiyo. Msanii anayeishi kwa kutumbuiza harusini hana cha kutanguliza wiki asiyoitwa, na seremala naye hawezi kufungia mbao zake kwenye maboksi yanayosubiri mnunuzi. Hadi sasa hakuna kati yao aliye tayari kuwa wa kwanza kutoa fedha mfukoni.