Gari la babu uani: kabla ya kulipima kwa kilo

Msikilizaji wetu, kuanzia Kikatiti hadi Tengeru si ajabu kukuta gari la zamani limeegeshwa uani chini ya mparachichi. Huenda ni Land Rover ya babu, au Peugeot 404 iliyowahi kubeba abiria. Matairi yamekwisha, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili kuuliza bei. Kabla hujakubali, tuelezane kwanza kwa nini kuna watu wanaosafiri kutoka nchi za mbali kuja kuendesha magari ya rika hilo kwenye vumbi letu.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake yalikuwa ya kawaida, kama yale yaliyouzwa dukani. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 kwa Volvo. Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania.

Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani peke yake. Mara kadhaa yamevuka mpaka kutoka Kenya na kulala Arusha. Humo utaona Datsun 240Z, Ford Escort na Porsche 911. Nairobi nako, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo huandaa onyesho liitwalo Concours d'Elegance. Pale hakuna mbio. Waamuzi hutazama injini, ndani, na hata chini ya gari, kisha hutoa alama kwa usafi na utunzaji.

Je, gari likizeeka tu linakuwa na thamani? Hapana. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linataka gari liwe na angalau miaka 30, litunzwe katika hali yake ya asili, na lisiwe la kutumika kila siku. Ukiliwekea injini ya gari jingine litatembea, lakini kwa watu hawa thamani yake inashuka.

Na yanatembeaje hadi leo? Magari hayo hayana kompyuta. Kabureta huchanganya petroli na hewa. Platini hufungua na kufunga umeme ili plagi itoe cheche. Fundi anaweza kuvifungua, kuvisafisha na kuvirudisha kwa bisibisi na spana, chini ya mti. Ujuzi huo wanao zaidi mafundi wazee, kwa sababu vijana wengi wa gereji wamejifunzia kwenye magari ya kompyuta. Gari likishauzwa kwa kilo, na mzee akiondoka, vyote viwili havirudi.

Kwa hiyo fanya haya. Tafuta kadi ya gari. Linganisha namba ya chesisi na ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zile zilizo kwenye kadi. Kama mwenye jina ameshafariki, familia ishughulikie kwanza mirathi mahakamani. Mtoto mmoja asiuze peke yake. Usitupe taa, vitasa wala kibao chenye jina la gari. Lifunike lisinyeshewe, na uliinue juu ya mawe ili chuma kisiguse udongo wenye unyevu. Kisha mwite fundi mzee alitazame.

Hatusemi kila gari bovu ni utajiri. Mengine kutu imeshayala, na kuyauza kama chuma ni sawa. Ila uamuzi huo ufanyike baada ya kulikagua gari, si kwa sababu mizani imeshaletwa uani.