Kujaza, Kukarabati na Kubadilisha: Shokomzoba ya Gari Kuukuu na Lugha ya Mafundi wa Kangundo

Utangulizi

Barabara itokayo Nairobi kuelekea Kangundo hupitia Ruai, Kamulu, Joska na Tala kabla ya kuingia katika vilima vya Ukambani. Kando yake huchipuka njia za udongo zinazoteremka mabondeni kwenye mashamba ya kahawa na maembe. Wakati wa kiangazi njia hizo hutimka vumbi. Wakati wa masika huchimbika mashimo. Gari linalozihudumia aghalabu ni kuukuu, hubeba watu asubuhi na magunia jioni, na mara nyingi hubeba kuliko kipimo chake. Katika mazingira kama hayo, mojawapo ya viungo vya gari vinavyochoka mapema ni shokomzoba.

Makala haya yanadhamiria mambo mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi shokomzoba inavyofanya kazi, jinsi inavyoharibika na jinsi inavyotengenezwa. Pili, yanachunguza lugha inayotumiwa gerejini, hususan kitenzi "kutengeneza", ambacho kimebebeshwa maana nyingi kiasi cha kumponza mwenye gari. Itadhihirika kwamba mambo haya mawili hayatengani: pale neno linapokuwa na utata, fedha hupotea, na wakati mwingine maisha pia.

Springi hubeba, shokomzoba hutuliza

Watu wengi hudhani kwamba shokomzoba ndiyo inayobeba uzito wa gari. Dhana hiyo si sahihi. Uzito hubebwa na springi, ziwe za kuzunguka kama koili au za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gurudumu likiingia shimoni, springi hubonyea na kujikunjua. Lakini springi ikiachwa peke yake haina kiasi: hujikunjua kupita mahali pake, hubonyea tena, na gari huendelea kupanda na kushuka hata baada ya shimo kupitwa. Kazi ya shokomzoba ni kuutuliza mchezo huo.

Ndani ya shokomzoba mna mtungi wa chuma uliojaa oili. Katika mtungi huo hupita pistoni iliyofungwa kwenye ufito wa chuma, na pistoni hiyo ina vitundu vidogo na vali. Gurudumu linapopanda au kushuka, pistoni hulazimika kupita katika oili, nayo oili hulazimika kujipenyeza katika vitundu hivyo. Kwa kuwa vitundu ni vyembamba, oili hupinga. Upinzani huo huigeuza nguvu ya mwendo kuwa joto, na joto hilo hupotelea hewani kupitia ukuta wa mtungi. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba kiungo hiki ni cha hidroliki: kinategemea kimiminika ili kutenda kazi. Kwa kawaida vali hupangwa ili upinzani uwe mkubwa zaidi springi inapojikunjua kuliko inapobonyea.

Kutokana na maelezo hayo, tunapata kanuni ya kwanza ya utambuzi. Gari lililolala upande mmoja hata likiwa limesimama lina tatizo la springi au vishikizo vyake. Kulinunulia shokomzoba mpya ni kumpa mgonjwa wa jino dawa ya macho. Gari linaloyumba na kudundadunda likiwa mwendoni, ilhali husimama wima likituama, ndilo lenye shokomzoba iliyochoka.

Dalili na sababu za kuchoka

Adui mkubwa wa shokomzoba katika barabara za vumbi ni vumbi lenyewe. Chembe za mchanga hunata kwenye ufito wa pistoni, na kila ufito unapoingia mtungini huzisaga dhidi ya mpira wa kuzuia oili, ambao mafundi huuita sili. Sili ikishalika, oili hutoka nje kidogo kidogo na hewa huchukua nafasi yake. Oili iliyochanganyika na hewa hufanya povu, na povu halina upinzani wa kutosha. Hali kadhalika, kupakia mizigo kupita kiasi hubonyeza springi hadi mwisho, na pistoni ikigonga mwisho wa mtungi mara kwa mara, vali huvunjika hata kama oili haijavuja.

Fundi makini huanza kwa macho. Mtungi uliolowa oili na kushikamana na tope la vumbi umekwisha kutoa ushahidi. Kisha huukandamiza mwili wa gari kwenye pembe moja kwa uzito wake wote na kuuachia. Gari zima hupanda, hurudi na kutulia. Likiendelea kucheza mara mbili au tatu, shokomzoba ya pembe hiyo imekufa. Hata hivyo jaribio hili lina mipaka, kwani shokomzoba iliyopinda au kushika kutu huweza kuonekana ngumu na kumdanganya anayeipima. Kwa hiyo huna budi kuangalia tairi pia: tairi lililolika kwa mabonde mabonde kwenye mzunguko wake limekuwa likirukaruka barabarani.

Hapa ndipo hatari ilipo. Breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha gari ni mgusano wa tairi na barabara. Tairi linaloruka haligusi chini wakati wote, na kwa muda ambao liko hewani, breki nzuri na breki mbovu ni sawa. Dereva anayeteremka kuelekea Tala akiwa na abiria nyuma yake huweza kuwa na breki mpya kabisa, lakini akashindwa kusimama panapostahili kwa sababu ya shokomzoba aliyoidharau. Usukani nao huwa mwepesi kupita kiasi, na gari huyumba kwenye kona.

Vitenzi vitatu ndani ya kimoja

Mwenye gari akimwuliza fundi kazi imefikia wapi, jibu la kawaida ni kwamba shokomzoba "zimetengenezwa". Katika Kiswahili, kutengeneza ni kuunda kitu kipya na pia ni kukirejesha kilichoharibika katika hali nzuri. Gerejini maana hiyo ya pili hugawika tena katika angalau matendo matatu, nayo hayalingani kwa gharama wala kwa usalama.

Tendo la kwanza ni kujaza. Mtungi hutobolewa kwa keekee, oili humiminwa ndani, na tundu huzibwa kwa kulehemu. Kazi hii ni ya bei nafuu na matokeo yake huonekana siku hiyo hiyo, kwani gari huacha kudunda. Lakini sili iliyolika haijaguswa, kwa hivyo oili mpya itafuata njia iliyofuatwa na ile ya kwanza. Isitoshe, oili inayotumika mara nyingi ni ya injini, ambayo uzito wake si ule vali zilivyokadiriwa. Kuna hatari kubwa zaidi: shokomzoba nyingi za magari ya miaka ya karibuni zimetiwa gesi yenye shinikizo, na kuutoboa au kuuchoma moto mtungi wa namna hiyo kunaweza kumjeruhi vibaya fundi mwenyewe.

Tendo la pili ni kukarabati. Hapa shokomzoba hufunguliwa, sehemu zote husafishwa, sili hubadilishwa, ufito huchunguzwa kama una mikwaruzo, na oili ya kipimo kinachofaa hutiwa. Kazi hii huwezekana tu kwa shokomzoba iliyoundwa ili ifunguke. Mfano unaojulikana ni ule wa Peugeot 504, gari lililozinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na kuunganishwa pia nchini Kenya. Jina lake, ambalo watu hulitamka Pijo, lilivuma zaidi liliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kwa miaka mingi lilitumika kubebea abiria wa safari ndefu. Mguu wake wa mbele una nati juu ya mtungi ambayo huweza kufunguliwa, na mafundi waliolelewa na gari hilo walijifunza kukarabati, si kujaza tu. Magari mengi ya Kijapani yaliyochukua nafasi yake huja na mitungi iliyozibwa kabisa kiwandani. Ujuzi wa kukarabati hauna tena mahali pa kujizoeza, na pengo hilo limejazwa na keekee.

Tendo la tatu ni kubadilisha. Hili nalo lina sura mbili: kuweka kifaa kipya, au kuweka kilichong'olewa kwenye gari jingine. Sheria ya viwango ya Kenya, KS 1515 ya mwaka 2000, hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Hata hivyo vipuri vilivyotumika ng'ambo huuzwa kwa wingi, na shokomzoba iliyokaa kwenye gari kwa miaka kadhaa imekwisha kutumia sehemu ya uhai wake. Mnunuzi anayefahamu huusukuma ufito hadi mwisho na kuuvuta: upinzani uwe wa namna moja mwanzo hadi mwisho, bila mahali pa utupu. Vilevile, shokomzoba hubadilishwa jozi kwa jozi katika ekseli moja, kwa sababu upande mmoja ukiwa mgumu na wa pili ukiwa laini, gari huvutwa kando linapofungiwa breki.

Katika matendo haya yote kuna onyo moja ambalo kila mwanagenzi hufaa kulisikia kabla ya kushika spana. Mahali ambapo springi imeizunguka shokomzoba, nati ya kati haifunguliwi kamwe kabla ya springi kubanwa kwa vibanio vyake. Springi iliyobanwa na uzito wa gari ikiachiwa ghafla huruka kwa nguvu ya kuua. Vivyo hivyo, fundi haingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Pale kimiminika kinapobeba gari zima

Yapo magari ambayo yameondoa springi za chuma kabisa. Kampuni ya Citroën ya Ufaransa, kwa ubunifu wa Paul Magès, ilizindua gari la DS mwaka 1955 likiwa limebebwa na oili na gesi. Kila gurudumu lina tufe la chuma lenye utando katikati: upande mmoja mna gesi ya naitrojeni, upande wa pili mna kimiminika kinachosukumwa na pampu ya injini. Gesi hiyo ndiyo springi, na kimiminika hicho kikipita katika vitundu vyembamba ndicho kitulizo.

Mfumo huu una funzo kwa fundi yeyote. Gari lake likizeeka, naitrojeni hupenya kwenye utando polepole, na matokeo yake si gari kudunda bali gari kuwa gumu kama mkokoteni. Dalili imegeuka kinyume. Kadhalika, magari ya awali yalitumia kimiminika chekundu na ya baadaye kimiminika cha kijani cha asili ya mafuta ya madini. Kutia kimoja mahali pa kingine huharibu mipira yote ya mfumo. Anayetibu kwa mazoea bila kujua kinachotendeka ndani atakosea hapa, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi.

Neno shokomzoba na suala la istilahi

Neno shokomzoba ni ushahidi kwamba mafundi hawakungoja kikao cha istilahi. Limetoholewa kutoka neno la Kiingereza shock absorber, na mabadiliko yake yana utaratibu. Mfuatano wa sauti b na z haupo katika maneno ya kawaida ya Kiswahili, ilhali mfuatano wa m na z ni wa kila siku: mzee, mzigo, mzazi. Sauti ya b ikageuka nazali, na irabu zikapangwa ili kila silabi iwe wazi. Upande wa pili, usukani ulikuwa chombo cha nahodha kabla ya kuwa cha dereva. Hapo lugha ilipanua maana ya neno lililokuwapo. Njia hizi mbili, kutohoa na kupanua maana, ndizo zilizojenga msamiati mwingi wa gereji.

Kwa hivyo upungufu hauko katika majina ya vifaa. Springi, bushi, nati, jeki na spana zinaeleweka na wote. Upungufu uko katika vitenzi, yaani katika kutaja kwa usahihi kilichofanywa. Tena upungufu huo si wa lugha bali wa matumizi, kwa maana Kiswahili kina kujaza, kukarabati na kubadilisha, vyote vikiwa maneno ya kawaida ambayo mwenye gari na fundi huyafahamu. Hata hivyo maelezo ya kazi yenyewe yamebaki katika vitabu vya Kiingereza, Kifaransa na Kijapani, na mwanagenzi wa jua kali hujifunza kwa kutazama mikono ya mkubwa wake. Mikono huonyesha namna ya kufanya. Mara chache huonyesha sababu.

Hitimisho

Shokomzoba ni kifaa kidogo kinachofanya kazi kubwa kwa kanuni nyepesi: oili kupita mahali pembamba. Ikieleweka kanuni hiyo, dalili, sababu na tiba hufuatana bila kubahatisha. Methali hutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa shokomzoba, kuziba tundu pekee ndiko kunakoleta ujenzi wa ukuta, kwa kuwa ufa wenyewe ni sili iliyolika.

Mwenye gari wa Kangundo, au wa mji mwingine wowote, anaweza kuanza na swali moja tu anapokabidhiwa ufunguo wake: shokomzoba zimejazwa, zimekarabatiwa au zimebadilishwa? Fundi mwaminifu atajibu bila shida, na bei italingana na jibu. Nao wanafunzi wa Kiswahili wana jukumu la kuandika maelezo ya ufundi kwa lugha ambayo fundi huitumia tayari, ili sababu ya kila tendo isomwe na mwanagenzi kabla hajashika keekee.