Rangi Zinazofichua Kosa Katika Programu

Katika wilaya za Masasi na Newala, korosho ndiyo tegemeo la wakulima wengi. Tangu mwaka 2007 zao hilo limekuwa likiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka magunia katika chama cha msingi, nayo hupimwa, na malipo hufuata baada ya mnada. Hesabu hizo ni zoezi zuri kwa mwanafunzi anayejifunza kuandika programu kwa lugha ya Python.

Ichukuliwe kwamba mkulima ana magunia mawili, kila moja kilo 80. Mwanafunzi akiandika kilo = 80, kisha kilo * 2, kompyuta hujibu 160. Akiandika kilo = "80", jibu huwa 8080; alama za kunukuu zimeigeuza namba kuwa maandishi, na maandishi yakizidishwa hurudiwa tu. Magunia mawili yamekuwa zaidi ya tani nane! Kosa hilo huonekana mapema endapo namba zina rangi moja na maandishi rangi nyingine.

Programu inayotia rangi hizo haielewi hesabu. Husoma alama moja baada ya nyingine na kuzigawa katika makundi: maneno ya msingi kama if na else, namba, maandishi, na maelezo yanayoanza kwa alama #. Kila kundi lina kanuni ya kulitambua na mtindo wa kulionyesha. Kanuni zikitungwa vibaya, "Korosho #1" hukatwa katikati, na kipande cha mwisho hudhaniwa kuwa maelezo. Kwa hiyo ndani ya alama za kunukuu, # haina budi kuhesabiwa kama herufi ya kawaida.

Mitindo yaweza kubadilishwa bila kugusa kanuni, wala jambo hilo si urembo tu. Wapo wanafunzi, wavulana zaidi kuliko wasichana, wasiotofautisha vyema nyekundu na kijani, kwani jeni zinazohusika zimo katika kromosomu X, ambayo mvulana anayo moja tu. Tena, karatasi ya mtihani iliyochapwa kwa wino mweusi hupoteza rangi zote.

Dawa yake ni ya zamani. Ripoti ya lugha ya ALGOL 60, ya mwaka 1960, ilichapa maneno ya msingi kwa herufi nzito. Mwalimu anayetumia LaTeX aweza kufanya vivyo hivyo kwa kifurushi cha listings:

\lstset{keywordstyle=\bfseries,
commentstyle=\itshape,
stringstyle=\ttfamily}

Hapo maneno ya msingi huwa mazito, maelezo hulala, na maandishi huchukua umbo la mashine ya chapa. Hata katika nakala nyeusi, "80" haitafanana na 80. Hata hivyo, programu huonyesha tu. Kusahihisha ni kazi ya mwanafunzi.