Usugu Hauingii Peke Yake

Malaria ikishamdhoofisha mtoto mdogo wa Asembo, ufuoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Siaya, bakteria wa Salmonella hupata mwanya wa kupenya utumbo na kuingia kwenye damu. Homa hupanda, wala si lazima aharishe. Kati ya 2006 na 2009, ufuatiliaji wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC ya Marekani uliukuta ugonjwa huu mara nyingi zaidi eneo la Lwak, huko Asembo, kuliko katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Bakteria wengi walikuwa sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na Septrin kwa pamoja.

Usugu wa namna hiyo haupatikani kwa kuzoea dawa kidogo kidogo. Mara nyingi jeni zake hukaa kwenye plazimidi, kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu, kinachoweza kuhamia seli jirani. Tangu wanasayansi Lederberg na Tatum waonyeshe mwaka 1946 kwamba bakteria hupeana jeni, macho yameelekezwa kwa DNA. Protini zinazoandamana nayo zimepuuzwa mno.

Seli mbili zikishikamana, protini iitwayo relaksesi hukata uzi mmoja wa plazimidi, hujifunga kwenye ncha yake na kuvuka nao, kisha huunga duara upya upande wa pili. Lakini uzi mmoja mtupu ni dalili ya hatari kwa bakteria: protini ya seli pokezi iitwayo RecA huuvaa, na seli nzima huingia hali ya dharura. Hapo huja PsiB, protini ya plazimidi. Huizuia RecA, kama mgeni anayewatuliza mbwa wa boma kabla hajabisha hodi.

Je, PsiB hutengenezwa baada ya DNA kuingia, au huja imeshaundwa? Maabara ya Peter Christie, Texas, ilichunguza pED208, plazimidi ambayo asili yake ni bakteria wa homa ya matumbo. Kila protini iliyoshukiwa kuvuka iliunganishwa na Cre, kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA mahali maalumu. Seli pokezi ikawekewa mahali hapo, Cre ikifika alama ibadilike. Matokeo yalichapishwa 2021: PsiB ilivuka. SSB, inayofunika uzi mtupu, ilivuka pia.

Kwa Kenya jambo hili si la maabara tu. Mwaka 2015 Samuel Kariuki wa KEMRI na wenzake walieleza pKST313, plazimidi iliyokutwa ndani ya Salmonella ya wagonjwa wa Kenya, ikiwa na jeni inayoishinda seftriaksoni, dawa inayokimbiliwa zile tatu zikishindwa. Kuongeza dawa ya kuua bakteria peke yake kutatuacha nyuma daima. Naona utafiti wa kuziba mlango wa kuvukia, au kuzinasa protini hizi njiani, unastahili fedha sasa.